Kiingereza cha Mjukuu

Binti yangu alinipigia simu kwamba anakuja Garsen na mtoto wake, na kabla sijamaliza kupiga vigelegele akaongeza: "Ila Mama, hajui Kiswahili hata kidogo. Usijali, nitakuwa natafsiri." Mjukuu wangu huyo alizaliwa ng'ambo, alikuwa na miaka mitano, nami sikuwahi kumshika hata mkono. Nilikasirika. Nitafsiriwe kwa damu yangu mwenyewe, kama niko mahakamani? Nikamwambia amlete mtoto, habari ya lugha aniachie mimi.

Kesho yake nikajiandikisha ngumbaru, masomo ya watu wazima. Tulisomea kanisani, alasiri, soko likishapoa nami nimeshafunika ndizi zangu. Mwalimu alikuwa msichana mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Niliketi karibu na mzee mmoja wa Kiorma, mchuuzi wa mbuzi, aliyetaka Kiingereza cha kupatana bei na wageni.

Mwalimu akaandika neno moja ubaoni: get. Akasema tukilishika hilo tumeshika nusu ya mazungumzo ya nyumbani. Haya. Kwanza likawa kupata, nikaridhika. Halafu likawa kufika, na tena kuelewa. Likaja kuwa kuamka, kushuka, kulowa, kupona, hata kuzeeka. Lo! Nikasimama.

"Mwalimu, hili ni neno au kibarua? Mbona kila kazi linatumwa lenyewe?"

"Na wewe, mama," akanijibu, "unapiga simu, unapiga pasi, unapiga mswaki, unapiga chafya. Nani ameumia?"

Darasa zima likacheka, mzee wa mbuzi kuliko wote. Nikaketi. Sikushindwa, miguu ilichoka tu.

Siku nyingine akaleta get in, yaani ingia, kama mtu anapoingia garini. "Hiyo niondolee," nikasema. "Mimi si makanga wa matatu."

"Sema tu, mama." Nikasema, shingo upande.

Nyumbani nilijifunzia kwa kuku. Niliwaambia get out wakanitazama tu. Mzee wa mbuzi alidai mbuzi wake wanaelewa get up vizuri sana. Nikamwambia basi awalete wao darasani, yeye abaki malishoni.

Binti yangu na mtoto wakafika. Sentensi yangu ya kumpokea mtoto nilikuwa nimeitunga mwenyewe, bila kumwonyesha mwalimu: I am happy to get you. Mtoto akajificha nyuma ya mama yake, akamnong'oneza, na binti yangu akamweleza nilichosema. Kiingereza changu kikatafsiriwa kwa Kiingereza! Nilienda jikoni nikalia, wala sikusingizia moshi.

Lakini mpunga ulikuwa unakomaa, na ndege hawangoji mgeni aondoke. Asubuhi nikamchukua mtoto, tukaenda shambani kando ya mto, nikampandisha kwenye dungu, lile jukwaa la miti tunalolindia. Ndege walipotua nikapiga ukelele na kurusha donge la udongo. Mtoto alinitazama kama anayeuliza: kumbe mtu mzima anaruhusiwa kufanya hivi? Kisha naye akapiga wake. Wee! Ndege waliruka mpaka shamba la jirani. Tulipiga kelele mpaka sauti zikatukauka, na tuliporudi nyumbani alinishika kidole njia nzima.

Asubuhi iliyofuata yeye ndiye aliyekuja kuniamsha. "Nyanya, twende." Neno hilo sijui alilisikia kwa nani. Tukawa tunaenda kila siku. Mimi nikimwambia get down, anashuka. Nikikosea ananirekebisha, narudia mpaka akubali. Naye akiona ndege anawafokea, "Tokeni!" kwa lafudhi yetu kabisa. Binti yangu hakuwa na la kutafsiri tena, na nilifurahi kumwona amekosa kazi.

Siku ya kuondoka gari la kukodi lilikuja kuwachukua pale njia panda, liwapeleke Malindi. Mizigo ilishapakiwa. Mtoto akashika leso yangu kwa mikono miwili.

"Sitaki, Nyanya. Sitaki."

Mama yake akambembeleza kwa Kiingereza, akamvuta, akamtisha kidogo. Wapi! Dereva akapiga honi. Binti yangu akaniangalia, machozi yamemlenga, na nikajua ananiomba mimi. Mtoto alikuwa anamsikiliza mtu mmoja tu pale, nami ndiye niliyehangaika ngumbaru ili anisikilize.

Nikainama nikamfungua vidole, kimoja kimoja.

"Get in," nikamwambia. "Get in, my child."

Akanitazama. Hakunirekebisha. Akaingia, akaketi, mama yake akafunga mlango, na gari likaondoka.

Mwalimu aliponiuliza kama Kiingereza kilinifaa, nilimjibu kilinifaa. Kwa Kiswahili nisingepata moyo wa kumwambia aende.