Pumzi ya Kinyozi Ndani ya Kinanda

Ukungu wa Juni bado umelalia mapaa ya mji wa Bell Gardens, na Ofelia Barragán anamsubiri jirani amalize kupuliza majani uani kwake. Mashine ya jirani inanguruma, inanyamaza, inanguruma tena. Ofelia hana haraka. Amekaa kwenye kiti cha jikoni katikati ya gereji, maikrofoni mbele yake, kidole juu ya kitufe cha kinanda cha zamani cha umeme.

Kimya kinapopatikana, anabonyeza. Ndani ya kinanda taa ndogo inawaka, sahani ya plastiki iliyo angavu kama maji inazunguka juu yake, na gereji inajaa sauti ya gitaa na akodioni. Wapigaji wanafika mahali, wanarudi mwanzo, wanafika tena palepale, kama mtu anayeota ndoto moja usiku kucha.

"Hawa hawachoki," anasema, kidole hakijatoka. "Wamo humu tangu miaka ya sabini mwanzoni. Ukiinua mkono wanalala. Ukibonyeza wanaamka."

Ofelia, mwenye miaka 58, ni fundi wa kutengeneza cherehani zilizoharibika. Cherehani moja humwingizia dola sabini, na hizo ndizo zinazolipa pango. Vinanda hivi, vilivyokuwa fahari ya sebule zama hizo kabla ya kusahaulika kwenye magereji, huletewa vitatu au vinne tu kwa mwaka avitengeneze.

Lakini kila asubuhi, kabla hajawafungulia wateja, hurekodi sahani zake moja moja na kuandika kwenye kadi kinachosikika humo: chombo gani, nani anagonga mguu, nani amekohoa, kiti cha nani kimelia.

Sahani hizo zina miduara ya sauti iliyochapwa, ambayo mwanga wa taa huisoma, na kila duara ni sekunde chache tu za wanamuziki walioitwa studio wakapiga, wakalipwa, wakaenda zao. Mtu asiyejua muziki alibonyeza kitufe kimoja nyumbani akapata bendi nzima nyuma yake. Majina ya wapigaji hayakuandikwa kwenye lebo.

"Mama alinunua kimoja kwa kulipa kidogo kidogo," Ofelia anakumbuka. "Mimi nilikuwa mtoto, nikaamini kuna watu wanaishi mle. Nikamuuliza, 'Mama, hawa wanakula saa ngapi?' Akanijibu, 'Wakishakula wao, wewe utalala njaa. Toka hapo.'"

Anacheka, halafu sauti inamshuka. "Bado nataka kujua ni kina nani."

Mwezi Februari aliingia mteja mwenye cherehani iliyokwama, Rosario Quiroz, ambaye mtaa mzima unamwita Bi Chayo. Ana miaka 74, na kwa miaka mingi alikuwa mpishi wa shule. Alisikia kinanda kikilia nyuma ya pazia, akaisahau cherehani.

Baba yake, Eusebio, alikuwa kinyozi aliyepuliza klarineti kwenye harusi. Siku moja aliitwa studio kurekodi sauti za kinanda cha aina hiyo. Alirudi nyumbani jioni amenuna.

"Alivua viatu akasema, 'Wamenilipa kupuliza kutwa nzima, na wimbo hakuna! Noti moja, noti moja, noti moja,'" Bi Chayo anasimulia. "Tulimcheka wiki nzima. Kumbe hakuna mahali pengine alipowahi kurekodiwa. Amekufa, na sauti hatuna."

Sikio la kushoto la Bi Chayo lilishazimika. La kulia, daktari amemwambia, huenda lisifike Krismasi.

Basi ikawa kila Alhamisi anakuja. Ofelia anamvisha vipokea sauti vya masikioni, anambonyezea sahani zote zenye klarineti, kitufe baada ya kitufe. Bi Chayo anafumba macho, anasikiliza, anatikisa kichwa.

"Huyu anapuliza kama ana mafua. Siyo baba."

"Na huyu?"

"Huyu amesoma sana. Baba alijifunzia kwenye kiti cha kunyolea. Endelea, binti."

Alhamisi iliyopita ilibaki sahani moja tu, yenye lebo ya rangi ya zambarau. Muziki wake wa akodioni na klarineti hauna ngoma. Unaelea tu, kama mvuke juu ya sufuria. Kwenye kitufe kimoja cha pembeni, ambacho wanunuzi wengi hawakukigusa, klarineti inazimika na mtu anasikika akitoa pumzi. Kwenye kadi Ofelia alikuwa ameandika: *Anashusha pumzi. Amechoka.*

Bi Chayo alisikiliza, akavua vipokea sauti.

"Baba hakuwa mtu wa kushusha pumzi. Nyumba ya watoto saba, nani ana nafasi ya kuhema?"

"Basi ndiyo ya mwisho, Bi Chayo."

Mama yule aliitazama sahani, akaguna kwa namna ya mtu aliyesimama mbele ya jiko maisha yake yote.

"Upande huu umeshaiva. Geuza."

"Hii siyo chapati ya tortilla, Bi Chayo!"

"Nimesema geuza, wewe. Utaniunguzia."

Ofelia aliigeuza huku akicheka, akamvisha tena vipokea sauti. Anajua kwamba sahani hizi hupitisha mwanga pande zote mbili, na kwamba ukiweka upande usio wake, muziki hurudi kinyumenyume. Alitegemea kusikia vurugu.

Hakukuwa na vurugu. Akodioni, iliyokuwa ikivimba taratibu miaka yote hiyo, sasa ilianza kwa mguso mdogo, kama inavyoanza akodioni yoyote. Lebo ilikuwa imebandikwa upande usio wake kiwandani, na miaka yote sahani ilikuwa ikipigwa kinyumenyume. Ofelia alibonyeza kile kitufe cha pembeni.

*Fiii*. Hewa iliingia kwa haraka, ikapita penye pengo la jino kwa mluzi mdogo, na papo hapo klarineti ikalia.

Bi Chayo alimshika mkono. "Usiinue kidole."

*Fiii*, kisha klarineti. *Fiii*, kisha klarineti.

"Ndiye," alisema. "Jino alivunja kwa kufungulia chupa. Mama alimsema mpaka kaburini."

Walikaa hivyo mpaka ukungu ukaondoka na mteja akagonga mlango mara mbili. Hakufunguliwa.

Sasa Ofelia ana kazi ya kuigeuza kila sahani na kuisikiliza upya. Anapanga kuweka rekodi zote mahali ambapo yeyote anaweza kuzisikia bure, ili watoto wa wapigaji wengine nao waje wamwambie, "huyu ni wetu." Lile jina la kwanza ameshaliandika: Eusebio Quiroz, kinyozi, klarineti.

Bi Chayo ataendelea kuja kila Alhamisi, maadamu sikio lipo. Likishazimika, anasema, ataweka kiganja juu ya ubao wa kinanda, asikie mtetemo.

Na kwenye ile kadi ya zamani, Ofelia amekata mstari mmoja na kuandika mwingine juu yake:

*Anavuta pumzi. Anataka kuanza.*