Mawe ya Edita Juu ya Mtumbwi wa Pombe

Waliokuwepo ni hawa: Edita, mjukuu wangu, mtoto wa marehemu binti yangu Leokadia, shemeji yangu Kalisti, mdogo wake marehemu mume wangu, jirani yangu Jenerosa, na Mwalimu Faraja, mama aliyetoka chuoni kwa Edita. Aibu ilikuwa yangu peke yangu, naisema mwenyewe kabla Jenerosa hajaitia chumvi.

Edita anasomea mawe (ndiyo, mawe, hata mimi nilicheka). Alizunguka kilima chetu hapa Kirushya wiki nzima, akarudi na mawe manne ya mchanga, kila moja kaliandikia namba na mshale wa kuonyesha upande uliokuwa juu. Nikamuuliza moja moja, "Hili umelitoa shamba la nani?" maana kwangu kitu cha shamba la mtu hakilali bila jina la mwenyewe. Akanitajia yote, kisha akasema, "Bibi, usiyaguse, bila haya sihitimu."

Sasa mgeni anakuja na mawe yamejaa matope barazani! Nikayasugua kwa majivu mpaka yakang'aa, na kwa kuwa tulikuwa tumekamua ndizi, nikayapanga juu ya majani yaliyofunika mtumbwi wa pombe, lile gogo la kuchachushia, yakakandamiza vizuri kabisa, isipokuwa moja ambalo Kalisti aliliomba.

"Shikamoo mama," Mwalimu huyo.

"Marahaba, karibu!"

Edita akauliza, "Bibi, mawe yako wapi?" Nikaonyesha mtumbwi kwa fahari. Mtoto akaketi chini pale pale. Mwalimu akageuza moja, akageuza tena, namba na mshale vimefutika: "Bila mahali na bila mshale, haya ni ya kujengea choo."

Na Kalisti naye akatokea, panga linametameta: "Shemeji, kinoo hiki kimetoka mbinguni!" Jenerosa akacheka mpaka akamwaga togwa.

Nikajitia kujua (ulimi wangu huu!): "Juu si panajulikana? Chembe nene chini, laini juu, kama machicha."

"Kweli mama," akasema Mwalimu, "mchanga huu ulitelemka na matope chini ya maji mengi, chembe nene zikatangulia kutua. Lakini milima ilipojikunja, mengine yalipinduka. Ndiyo maana tunataka mshale."

Nikanywea. Lakini majina ninayo, na sura za mawe nazijua! Nikasimama: "Hili la kwa Nikodemu, hili la kwa Jenerosa, hili la kwa marehemu Savera, na hilo lililogeuzwa kinoo la kwa Kalisti mwenyewe!"

"Twende tukahakikishe," akasema Mwalimu.

Tukapanda wote, mimi na fimbo yangu. Kwa Nikodemu, Edita akalirudisha jiwe kwenye mwamba alikolivunja: likaingia kwenye pengo kama jino! La pili, likaingia. La tatu! Nikapiga vigelegele kilimani kama niko harusini, Edita akichora mishale upya huku machozi yanamtoka. La Kalisti likagoma, alikuwa amelichonga kwa nyundo lilale sawa, basi Edita akavunja jingine hapo hapo, na Kalisti anauliza kama lile la kwanza sasa ni lake.

Tangu hapo jiwe likiingia kwangu na namba, hata likiwa na kinyesi cha kuku, silioshi.

Na kama lile la tatu lilikuwa la kwa Veneranda, dada yake Savera, nirekebisheni mlio Kirushya. Ila si wewe Jenerosa, wewe ulikuwa unacheka.