Wakili wa Bima Ana Miaka Kumi na Miwili

Saa kumi na moja alfajiri, Dobi anapuliza makaa. Yuko kibarazani mwa nyumba ya kupanga yenye vyumba viwili, mbele yake meza iliyotandikwa blanketi kuukuu. Anaipitisha pasi kwanza kwenye kitambaa chakavu, asije akachafua shati la mtu kwa majivu. Kisha anavuta shati jeupe, analinyunyizia maji, anaanza na kola.

"Ukianza na mgongo, ukifika kwenye kola mgongo umeshajikunja tena," anasema bila kuinua macho. "Kazi bure."

Mtaani wanamwita Dobi tu, na jina limemkaa. Kwa miaka kumi na minne alinyoosha mashati na mashuka katika hoteli moja kubwa. Mwaka jana hoteli ikapata mwenye mali mpya, mashine zikaja, na wanyooshaji wote wakaitwa bustanini wakaambiwa ahsanteni.

"Sisi tulidhani tunaitwa chai," anasema, na kicheko kinamtoka. "Mimi nilikwenda na kikombe."

Kilichomuuma zaidi kilikuja wiki chache baadaye. Mke wake ana valvu ya moyo iliyoharibika, na daktari alishasema lazima apasuliwe. Dobi akampeleka hospitali, akatoa kadi ya bima kwa mbwembwe zote. Siku ya kuachishwa kazi hakuna aliyemnyang'anya kadi ile, kwa hiyo yeye alijua ni nzima. Binti wa dirishani akatazama kompyuta, akamwambia kadi ilikufa siku ileile kazi ilipokufa.

"Nikamwambia, dada yangu, hebu ipanguse kwanza, labda ina vumbi."

Haikuwa vumbi. Ikabidi ajiunge upya kwa mfuko wake mwenyewe, elfu arobaini kila mwezi. Na upasuaji haulipiwi mpaka uchangie mwaka mzima bila kukatisha. Ukiruka mwezi mmoja, unaanza tena moja. Zamani mshahara wake ulikuwa laki nne. Siku hizi mwezi ukimnyookea, pasi humletea laki mbili na nusu. Humo mna kodi, mna chakula cha watu watano, mna mkaa, mna shule, na bima.

Sasa wanawezaje? Hapo ndipo penye ajabu.

Kila Jumapili ya mwisho wa mwezi, baada ya chakula cha mchana, familia huketi kikao. Mwenyekiti ni bibi, mama yake Dobi, na rungu lake la uspika ni mwiko. Fedha zote huwekwa mezani. Kila gharama husimama mbele ya bibi kujieleza, lakini haijielezi yenyewe. Ina wakili.

"Mwezi wa kwanza hapa palikuwa sokoni," anasimulia bibi. "Kila mtu analia na lake. Mwamba ngoma, ngozi huvutia kwake! Nikapitisha sheria: hakuna kujitetea. Mtu atamtetea mwenzake."

Basi kijana wao wa kwanza humtetea bibi na dawa yake ya kuchua magoti. Dobi humtetea kijana na nauli ya chuo. Mama watoto husimamia shule ya kitinda mimba. Na wakili wa bima ni kitinda mimba huyohuyo, msichana wa miaka kumi na miwili mwenye soksi zisizolingana.

Jumapili iliyopita mwandishi wa makala haya alikaribishwa kikaoni. Mwezi ulikuwa mbaya. Ofisi moja iliyokuwa ikileta mashati mengi imehama. Kodi na chakula vilipokwisha kutolewa, zikabaki elfu arobaini na tano. Bima inataka arobaini, na huu ni mwezi wa kumi wa kuchangia. Ada ya mtihani wa mwisho wa msichana inataka thelathini. Viwili hivyo havikai pamoja, hata uzikunjue noti vipi.

Mama akasimama, mkono mmoja ameushika ukingo wa meza. Ngazi mbili tu za kibaraza humtoa pumzi.

"Mama, naomba bima ipumzike," alimwambia mkwewe. "Mimi nimeolewa, nimezaa, chumvi nimekula. Huyu hata hajaanza. Mtihani haumsubiri mtu."

Dobi alitazama sakafu. Zamu haikuwa yake.

Msichana akainuka.

"Bibi, mtihani nikiukosa, nitaukuta mwakani. Mama nikimkosa, nitamkuta wapi?"

Kijana akatoka nje kujifanya anaangalia makaa, na makaa yenyewe yalishazimwa tangu asubuhi. Bibi aligusa meza kwa mwiko, taratibu, akasema neno moja: "Bima."

Mama alilia, kisha akakasirika. "Mmemfundisha mtoto kunishinda!"

Mwandishi huyu amekaa vikao vingi vya bajeti, vyenye maji ya chupa na vipaza sauti. Hajawahi kuona mtu akipigania fungu linalomwondolea yeye mwenyewe lake, sembuse wawili katika meza moja. Mpaka leo anapoandika bado ameduwaa.

Jumatatu asubuhi Dobi alilipa bima. Jumanne mwandishi aliporudi, alimkuta mama ameketi mkekani kando ya meza ya pasi, sindano mkononi, bakuli la vifungo mapajani. Daktari amemkataza kuinua mizigo, lakini kifungo si mzigo. Shati lililopungukiwa kifungo sasa haliondoki hapo hivihivi. Kila kimoja ni mia mbili.

"Kesi yangu haijafutwa, imeahirishwa tu," alisema. Zimebaki siku ishirini za kulipa ada ya mtihani, na pungufu ni elfu ishirini na tano. "Nataka siku wakinifungua kifua, niwe najua mwanangu ameshakaa kwenye dawati la mtihani. Hapo wanilaze tu, sina neno."

Akakata uzi kwa meno, akamtazama mwandishi kuanzia juu mpaka chini.

"Koti lako hilo, cha pili kimelegea. Vua."

Mwandishi akavua.