Mahindi ya Mama Ndani ya Kompyuta

Mama yangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuyacheka mahindi yangu ya kompyuta. Alicheka mpaka akashika kiuno.

"Na hayo yanapaliliwa na nani?" akaniuliza. "Au unayaacha tu, kama ulivyokuwa unaviacha vyombo jikoni kwangu?"

Ndiyo kwanza Manyara imekuwa mkoa. Babati ilijaa wageni wenye mafaili kwapani, leo wanatafuta chumba, kesho kiwanja. Mimi nilikuwa bibi shamba, nimetoka kozini kujifunza programu moja ya kompyuta. Unaiambia mvua imenyesha lini, udongo una kina gani, umepanda mbegu gani na lini, nayo inaukuza mhindi kwa hesabu, siku hadi siku, mpaka ikwambie utavuna nini.

Wazazi wangu walikuwa na mashamba mawili Singe, nje ya mji, moja bondeni, jingine juu yake. La bondeni lilizaa kila mwaka. La juu, kwa mbegu ile ile na mbolea ile ile, lilitoa vihindi vya kutia huruma. Baba alishachoka nalo. Mtu wa viwanja alishakunywa chai sebuleni kwetu, na baba akatangaza kwamba mavuno yajayo yakiwa yale yale, la juu linauzwa. Mama hakubishana. Lakini lile ndilo shamba alilopewa na mama mkwe wake alipoolewa, na jioni nilimwona akienda kulitazama, mikono nyuma. Iliniuma sana. Nikaapa kwamba halitauzwa mimi nikiwa hai.

Nikachimba mashimo kupima udongo, nikatafuta takwimu za mvua, nikamuuliza mama huwa anapanda lini. Kompyuta ikanijibu bila kuzunguka. Udongo wa juu haukai na maji. Ukipanda na mvua za kwanza unavuna vizuri tu, lakini ukichelewa, mahindi yanafika kwenye kubeba yakiwa na kiu. Nikaenda nyumbani nusu nikikimbia.

"Shikamoo mama. Hivi kwa nini la juu linachelewa kila mwaka?"

"Marahaba. Si maksai wanakuwa kwa jirani."

Jirani yetu alikuwa mjane asiye na ng'ombe. Tangu mumewe afariki, mama akishalima bondeni, kwenye chakula cha uhakika, maksai wetu walikwenda kwake. Wakirudi ndipo la juu linalimwa. Baba, aliyekuwa mlangoni akivua viatu, akaruka.

"Ehee! Kumbe huruma yako ndiyo inayokula shamba! Basi mwaka huu jirani asubiri."

Mama akaweka ungo chini. "Uza," akasema. "Mwenzangu simnyimi mvua."

Jamani, nilikasirika! Mimi namhangaikia mtu shamba lake, yeye analitoa hivi hivi. Niliondoka hata chai sikunywa.

Kesho yake ofisini nikakaa mbele ya kompyuta nimenuna. Nikabadilisha zamu: maksai waanze juu, wafuate kwa jirani, bondeni pawe mwisho. Udongo wa bondeni ni mzito, unatunza maji, na kule kuchelewa kulipunguza mavuno kidogo tu. Nilipiga kelele mpaka karani akaja kuuliza kama nimeumwa na nge.

Msimu ulipofika tukafanya hivyo. Baba alinung'unika kila alipoliona bonde lake likingoja, na mimi, niseme kweli, roho ilikuwa juu. Je, kama programu imekosea?

Haikukosea. Bondeni palipungua kidogo, baba akapata la kusema. Lakini juu! Mahindi yalibeba mpaka mabua yakainama. Mtu wa viwanja aliporudi, baba alimpa chai, kisha akamwonyesha alipokuwa mama, kule shambani, akivunja mahindi na yule jirani.

"Shamba lina mwenyewe," akamwambia. "Yule pale. Na leo usimsumbue."

Nilikwenda kuwasaidia, nikitembea kwa maringo, nikingoja sifa zangu. Mama akanipa gunia nishike mdomo wake.

"Na shamba la mwenzangu," akaniuliza, "nalo umeliingiza humo kwenye mashine yako?"

Nikamwambia hapana.

"Basi hesabu zako hazijaisha, mwanangu."

Kesho yake asubuhi nilikuwa kwa jirani, nachimba shimo.