Mdogo Wangu Alipoacha Samaki

Niliporudi kijijini kwetu Quitunda baada ya kuzunguka Mtwara, Nampula na kwingine nilikokuwa nikikumbuka nyumbani tu, nilimkuta mdogo wangu ananyonyesha na haonji tena kitu cha baharini. Yeye, ambaye utotoni tulikuwa tukigombea naye kichwa cha samaki changu.

Siku za kukimbia vita alipanda mashua na mimba yake changa. Baadhi ya waliokuwa naye walianguka majini, hawakuonekana tena. Tangu hapo alisema samaki wamekula watu wetu, naye hawezi kuwala. Mimba ile aliilea kwa ugali wa muhogo na matapa, yale majani ya muhogo ya kutwanga, yaliyoungwa kwa nazi. Nyama kwetu ni ya Idi. Mayai mama hakutaka kuyasikia: mjamzito akila, mtoto huzaliwa kipara, mtoto akilishwa, hukua mwizi.

Mtoto alikuwa ameanza kukaa. Nilipompakata nilitafuta uzito wake, sikuupata. Muuguzi alikuwa amesema mama ale kunde na karanga kila siku na ameze vidonge vya damu, na uji wa mtoto utiwe yai au samaki. Kunde za machamba, mashamba yetu mapya, zilikuwa zimeliwa na wadudu. Nilileta karanga. Alizitafuna ili kuniridhisha, kisha mfuko ukabaki juu ya kabati.

Mama alichoka kubembeleza. Akatwanga kamba wakavu mpaka wakawa vumbi, akawatia kwenye matapa. Mwanamke yeyote wa pwani angefanya hivyo. Kwetu matapa bila kamba ni chakula cha mbuzi. Mdogo wangu alikula tonge moja tu.

“Mama, umenitilia nini humu?”

“Nimekutilia mboga.”

“Umetia kamba.”

“Kamba gani aliyemla mtu? Ana meno? Mzazi mzima unagombana na chungu!”

Nilicheka, nikajikuta nacheka peke yangu. Mdogo wangu alitoka nje kutapika. Kuanzia siku ile alijipikia chungu chake, na akitoka machamba amechoka, hakupika kabisa.

“Kaka, zungumza na mama,” aliniambia.

“Zungumza na mdogo wako,” mama naye aliniambia.

Nilizungumza na wote wawili. Walinisikiliza kwa adabu, kama mtu anavyomsikiliza mgeni aliyekwisha kufunga mizigo.

Siku ya kliniki, mtoto hakuwa ameongezeka hata kidogo. Tulipofika uani mdogo wangu alimkabidhi mama mtoto.

“Mpe samaki. Mimi sitaangalia.”

Mama alichemsha kipande cha changu, akakichambua miba kwa vidole, akakiponda ndani ya uji. Mtoto alikula vizuri. Alikula kuliko nilivyowahi kumwona akila, kisha akaanza kulilia titi.

Mdogo wangu alimchukua. Mdomo ule ulikuwa unanuka samaki, hata mimi niliyekaa mlangoni niliisikia harufu. Aligeukia ukuta, akafumba macho, akamnyonyesha. Nilisogea nimshike, sikujua nimshike wapi. Nje, mama alikuwa anaisugua sufuria kwa mchanga, akiisuuza, akiinusa, akianza tena.