Shelisheli Katika Somo la Tano

Losalini Vakaruru alikuwa amefundisha lishe ya jamii chuoni Suva miaka kumi na minne, na aliamini hakuna mwanafunzi anayeweza kumdanganya akimtazama usoni. Masomo yalipohamia mtandaoni, nyuso zikatoweka. Alirekodi kila somo mara tatu, mara nne, feni imezimwa isije ikavuma kwenye sauti, jasho likimtiririka. Wanafunzi arobaini na mmoja. Waliofungua video, watatu. Kwenye kipindi cha moja kwa moja akiuliza swali, kimya. Viboksi vyeusi tu vyenye majina.

"Hivi wapo hawa?" alimuuliza Semi, mwenzake wa ofisini.

"Wamekuwashia simu wakaenda zao kuvua, dada."

Waliomkera zaidi walikuwa saba wa kisiwa cha Tabiteuea, huko Kiribati. Mmoja tu, Tiantaake, ndiye aliyepakua video. Lakini kazi zilikuja saba, siku moja, na zote nzuri. Huyu anawaandikia wenzake, Losalini akawaza.

Akawatega. Katikati ya somo la tano akasema harakaharaka, "Anayenisikia aandike neno shelisheli mwishoni mwa kazi yake."

Zikaja kazi saba, zote na neno lile. Mbili ziliandikwa "shelishali."

Akampigia Tiantaake papo hapo. "Nani anawaandikia wenzako?"

"Mungu wangu, madamu! Kila mtu anaandika yake. Mtandao uko hapa zahanati ninapofanya kazi. Napakua, halafu Jumamosi tunakusanyika kwenye maneaba, ukumbi wetu wa kijiji, tunakutazama wote kwenye kompyuta yangu."

"Na shelishali?"

"Mmoja alikosea, mwingine akanakili kwake. Nilimwambia, madamu huyu ana macho!"

"Mbona hamkunieleza kwamba mnatazama pamoja?"

"Barua yako ya kwanza ilisema asiyefungua video atafutwa. Tukaogopa."

Aliyenakili alirudishiwa kazi aiandike upya. Kisha Losalini akawaandikia wanafunzi wote barua nyingine: nani anatazama na nani, wapi, kwa kifaa gani? Mbali na wale saba, majibu kumi na moja yakaja, mengine marefu kuliko kazi zao.

"Sasa umeridhika?" Semi akauliza.

"Wa Tabiteuea, ndiyo." Akavuta orodha karibu. "Hawa ishirini na watatu waliokaa kimya, hapana." Akaanza kupiga simu, kuanzia jina la kwanza.