Ijumaa Niliyokwenda Kapseret

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mwanangu, nilipotega masomo nikaenda Kapseret kuokota namba ya shamba, ile kura ya kugawana ploti.

Ilikuwa miaka ile baada ya Uhuru, wazungu wanauza na kuondoka, na sisi tunaungana vikundi vikundi tunanunua. Nani hakuwa na wazimu wa ardhi? Hata karani wa hospitali alikuwa na gambuti, vile viatu vya mpira vya shambani, nyuma ya mlango wa ofisi. Mimi nilikuwa kazualti, pale wanapopokelewa wagonjwa wa dharura, hapa Eldoret mjini. Sikuwa daktari kamili, nilikuwa msaidizi wa daktari, lakini kwa koti jeupe lile watu waliniita daktari, na mimi sikuwasahihisha. Utamu wa jina hilo unaujua mwenyewe. Mtoto akiletwa amezidiwa, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumshika.

Daktari mkuu wetu alikuwa ameanzisha masomo kila Ijumaa alasiri kwa sisi tunaopokea wagonjwa wa dharura. Kila wiki ugonjwa mmoja wa watoto: wiki hii surua, wiki ijayo nimonia. Kwangu mimi kulikuwa ni kupotezewa wakati. Ijumaa ya kuhara ilipofika nikacheka kabisa. Kuhara! Nilikuwa nimetibu kuhara mpaka nimechoka nako. Nikasema nina mgonjwa nyumbani, nikapanda lori na wenzangu wa kikundi. Nikaokota namba nzuri, ploti karibu na mto, nikarudi mjini nikipiga mluzi.

Kwenye foleni ile ya namba mbele yangu alisimama Mama Njeri, mama mmoja aliyekuja na mumewe kutoka Nyeri kununua kama sisi. Njeri mwenyewe alikuwa mgongoni, hajafika hata mwaka, ananivuta kofia na kucheka. Jumatatu asubuhi nikawaona tena, safari hii kazualti. Mtoto alikuwa anahara tangu Jumamosi.

Nikamwambia yule mama nilivyofundishwa chuoni: apumzishe tumbo. Asimpe maji, asimpe titi, mpaka kesho yake, ndipo tumbo litulie. Ndivyo tulivyosema siku zile, kupumzisha tumbo, na lilikuwa neno tamu, lina huruma ndani yake. Mama Njeri akasita mlangoni.

"Daktari, lakini analilia maji. Hata kidogo?"

"Hata tone," nikamwambia.

Akatii. Hapo ndipo panaponiuma mpaka leo. Laiti angekuwa mkaidi.

Jumanne mchana akarudi mbio, na Njeri halii tena. Macho yameingia ndani, utosi umebonyea. Nikafinya ngozi ya tumbo lake ikabaki imesimama vilevile, na mimi nimesimama naye, sijui nifanye nini. Sista Rael, muuguzi mzee wa Kinandi, mama wa maneno machache, hakuningoja. Alimwita daktari mkuu, naye akaja akatafuta mshipa na kuweka dripu. Dripu ilipomrudisha mtoto kidogo, Sista akachanganya maji yaliyochemshwa na kupozwa, sukari na chumvi, kwa kipimo alichofundishwa Ijumaa ile niliyokuwa Kapseret. Akamkalisha Mama Njeri kwenye benchi, akampa kijiko. Kidogo kidogo, akamwambia, akitapika ngoja kidogo halafu uendelee, na titi umpe. Nilipofungua mdomo kusema habari ya kupumzisha tumbo, alinitazama mara moja tu, nikaufunga.

Alasiri nzima nilipita karibu na lile benchi nikijifanya natafuta faili. Nilikuwa naogopa, mwanangu, sikufichi. Kwenye saa kumi Njeri akakojoa, leso ya mama yake ikalowa, na Mama Njeri akalia kwa furaha kama aliyepewa zawadi. Sista naye akacheka. Ndipo alipoinuka akanifuata kwenye veranda.

"Daktari, wewe ulisoma lini?"

"Mwaka wa Uhuru, Mama," nikajibu, tena kwa majivuno kidogo, maana cheti changu kilikuwa kizuri.

"Huo ndio mwaka uliomaliza shule. Mimi nimekuuliza ulisoma lini."

Akarudi ndani kwa wagonjwa wake, na hakulirudia neno hilo tena maisha yake yote.

Ningependa kukuambia kwamba yaliishia pale. Wiki tatu baadaye nilikwenda kuweka ua kwenye ploti yangu, nikakutana na Mama Njeri anatoka mtoni, Njeri mgongoni, mnene na mtundu. Alinisalimu kwa shukrani nyingi. Akaniambia kwamba siku hizi pale shambani, mtoto akihara, yeye huwafundisha wenzake wapumzishe tumbo kwanza, kama alivyosema daktari, kisha wakifika hospitali Sista atawapa yale maji. Nikamuuliza kama kuna mtoto aliyezidiwa. Akatazama chini, akasema nyumba ya juu kule walizika mmoja. Sikuuliza zaidi. Sijui mpaka leo kama mtoto yule alikufa kwa sababu ya neno langu, na niliogopa kujua.

Ua sikuweka siku hiyo. Niliweka jembe chini nikaenda nyumba kwa nyumba, nikisema nilikosea, tena nilisema wazi kwamba ni mimi. Wengine hawakuamini. Mzee mmoja akaniuliza ni yupi daktari wa kweli, wa Jumatatu au wa leo.

Na wewe, mwanangu, uliyeanza kazi kazualti juzi, nisikilize. Magonjwa yanayoletwa kila siku ndiyo utakayoyadharau, kwa sababu umeyazoea. Mtu husoma sana juu ya ugonjwa asioujua, lakini kikohozi, homa na kuhara hudhani ameyamaliza. Hayo ndiyo uyarudie. Wakibadilisha kipimo, ujue wiki hiyo hiyo. Usipoijua sababu, uliza, hata kama wa kumuuliza ni muuguzi asiye na cheti kama chako. Na ukikosea, mfuate mgonjwa mpaka nyumbani, kwa maana neno la daktari halibaki hospitali. Hata vipimo vya yale maji ya sukari na chumvi usivichukue kwangu. Nasikia sasa kuna pakiti zilizopimwa tayari, na vidonge vya zinki, na mimi sijui habari zake. Zijue wewe.

Siku moja nitakuja hapo na kitukuu changu mikononi. Sitakuuliza jina wala chuo. Nitakuuliza ulisoma lini, na natamani unijibu, Mzee, Ijumaa iliyopita. Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na Ijumaa zako zote.